Vigae Visivyong'aa

Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia aliyekuwa na jina kubwa nchini Uingereza, alitembelea pwani ya Tanganyika kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Vipande vya kauri za China vilikuwa vimezagaa magofuni na ufukweni, vingi mno, hata akakiri kwamba hajapata kuona vyombo vya Kichina vilivyovunjika kwa wingi kama ule. Akatoa kauli iliyokaririwa na wengi baadaye: kuanzia karne ya 10, historia ya Tanganyika imeandikwa kwa kauri za China.

Kauli ilipendeza, na ilikuwa na ukweli wake. Kauri hubeba tarehe yake yenyewe. Mjuzi akigeuza kipande kimoja mkononi huweza kutaja enzi kilipotengenezwa, na pengine hata jimbo. Lakini mle mle mlimookotwa kauri hizo, kwa kila kipande kimoja kinachong'aa kulikuwa na makumi ya vingine vyekundu, vya kahawia na vyeusi, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni uwanjani. Hivyo havikumstaajabisha mtu. Katika miji mingi ya kale ya pwani vyombo vya ng'ambo kwa kawaida havifiki hata vipande vitano katika kila mia moja. Vilivyobaki vyote ni vyungu, mitungi na mabakuli ya wenyeji. Na tukirudi nyuma zaidi, kabla ya karne ya 8, wakati pwani haikuwa na nyumba ya mawe wala mwandishi, vigae hivi ndivyo karibu ushahidi wote uliosalia.

Maandishi ya wageni yapo, ila ni haba. Katika karne ya 1 B.K. mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza njia za bahari kutoka Misri hadi India, katika kijitabu kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Alitaja soko la mwisho la pwani hii, Rhapta, akataja mashua zilizoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Alikuwa mtu wa biashara na macho yake yalikuwa ya kibiashara. Wenyeji walipika nini, kwa chombo gani, walitoka wapi na walihusiana vipi na watu wa bara, hayo hakuyagusa.

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka milimani, si ufukweni. Mwaka 1966 Robert Soper alichimba katika vilima vya Kwale, kusini-magharibi mwa Mombasa, akatoa vigae vya aina ambayo haikuwa imeelezwa hapo awali. Ukishika kipande cha mdomo wa chungu cha Kwale utakitambua upesi: mdomo ni mnene, umekatwa bapa kwa nje mara mbili au tatu kama ukingo wa ubao uliopigwa randa, na juu yake hupita vijifereji vilivyovutwa kwa ncha ya kijiti wakati udongo bado mbichi. Chini ya mdomo kuna mistari ya kukwaruza, mingine ya kwenda upogo. Mkaa uliochimbuliwa pamoja na vigae hivyo ulipopimwa kwa njia ya kaboni, tarehe iliangukia karne ya 3 B.K. Watu wa Kwale walikuwa wakulima waliojua kuyeyusha chuma.

Baada ya hapo vigae vya namna hiyo vikaanza kuonekana kila mahali palipochimbwa. Vimo Usambara na Upare. Vimo Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, ambako Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali pa kuyeyushia chuma penye marundo ya mavi ya chuma. Vigae vinavyofanana navyo sana viko Matola, karibu na Maputo, na hata Silver Leaves, kaskazini mwa Afrika Kusini, navyo ni vya takriban karne ya 3 na ya 4. Kutoka Mombasa hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Katika muda wa vizazi vichache tu, watu wenye mkono mmoja wa ufinyanzi walikuwa wametawanyika katika ukanda huo wote, wakiwa na majembe na mbegu zao.

Tena hawakuishia ukingoni mwa bahari. Katika kisiwa cha Juani, kwenye funguvisiwa la Mafia, wachimbaji wamekuta vigae vya Kwale katika matabaka ya kati ya karne ya 4 na ya 6, pamoja na mifupa ya samaki na makombe yaliyoliwa. Kisiwani hakufikiki kwa miguu. Kwa muda mrefu wanahistoria walizoea kuwagawa watu wa kale mafungu mawili, mkulima wa bara asiyejua kasia na baharia aliyetoka Uarabuni au Uajemi. Chungu kizito cha Kwale kilichopatikana Juani kinauvuruga mgawanyo huo, maana aliyekileta, au aliyekifinyanga pale pale, alivuka maji mamia ya miaka kabla ya msikiti wa kwanza kujengwa popote pwani.

Inafaa kueleza kwa nini chungu kinaaminika hivyo. Mfinyanzi wa pwani hakutumia gurudumu. Udongo huchotwa bondeni au kandokando ya mto, ukatolewa mawe na mizizi, ukaloweshwa, ukakandwa na mchanga ili chungu kisipasuke kikipata moto. Huinuliwa kwa mapindo, pindo juu ya pindo, kisha kuta husawazishwa kwa kipande cha kifuu na kupigwa msasa kwa kokoto laini. Nakshi hutiwa kabla udongo haujakauka kabisa. Hukaa kivulini siku kadhaa, kisha huchomwa kwa nyasi na kuni juu ya ardhi, bila tanuri. Kila hatua hufundishwa mkono kwa mkono, na mkono ukishazoea haubadiliki kirahisi. Katika sehemu kubwa ya pwani na bara ambako kazi hii imeshuhudiwa hadi zama zetu, wanaoifanya ni wanawake, na binti hujifunza kwa mama, shangazi au mama mkwe.

Tahadhari moja haina budi kutolewa hapa. Stephanie Wynne-Jones na Bertram Mapunda waliwatafiti wafinyanzi wa Mafia wa siku hizi, wakaona kwamba wengine asili yao ni bara, lakini wanachofinyanga ni chungu cha Kimafia, kwa sababu ndicho wateja wanachokitaka. Kwa hiyo anayeona kigae na papo hapo kulitaja kabila la aliyekitengeneza anaharakisha mno. Vigae vinasema waziwazi zaidi nani alikuwa akijifunza kwa nani, nani alikuwa akinunua kwa nani.

Kufikia karne ya 6 na ya 7 mdomo mnene wa Kwale unaondoka. Mahali pake panakuja mtungi wenye shingo, mwembamba zaidi, na shingoni pamechorwa mistari inayokutana na kufanya pembetatu mfululizo. Ndani ya pembetatu hizo hujazwa mistari ya sambamba, na mara nyingine vitone vya kudunga. Nakshi hii ndiyo iliyowafanya wanaakiolojia wagombane kwa miaka isiyopungua 20.

Ugomvi ulianzia kwenye majina. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia 1960 na Manda kuanzia 1966, aliviita tu vyombo vya jikoni vya awali, na umakini wake mkubwa akauelekeza kwingine. David Phillipson alivipa jina la Wenje, kijiji cha kando ya mto Tana alikovikuta. Mark Horton akasema ni mapokeo ya Tana. Chami, katika tasnifu yake iliyotoka Uppsala mwaka 1994, akavipa jina la nakshi yenyewe, yaani vyombo vya pembetatu zilizochanjwa, akikataa jina lolote linalovifunga kwenye mto mmoja wa Kenya. Nyuma ya majina hayo kulikuwa na swali kubwa kuliko vyungu: Waswahili wametoka wapi?

Chittick alikuwa na jibu lake. Manda, katika visiwa vya Lamu, alikuta kuta nzito na vigae vingi vya mitungi mikubwa yenye rangi ya samawati na kijani kutoka Iraki na Ghuba ya Uajemi. Akahitimisha kwamba mji uliasisiwa na wahamiaji wa Ghuba, na kwamba ustaarabu wa pwani ulishushwa kutoka jahazini ukiwa umeshakamilika. Ni rai iliyolingana vizuri na simulizi za Washirazi, waliosemekana kutoka Uajemi, zilizomo katika habari za kale za Kilwa, na pia na mawazo ya watawala wa kikoloni waliotangulia, waliopenda kusikia kwamba Mwafrika hakujenga kitu.

Kilichoiangusha ni Shanga, mji mdogo uliokufa katika kisiwa cha Pate. Horton na timu yake walichimba hapo kati ya 1980 na 1988, wakashuka tabaka kwa tabaka hadi mchanga wa ufukwe ambao haujaguswa. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hadi wakafika kwenye mabaki ya kijengo kidogo cha miti cha karne ya 8, kati ya misikiti ya zamani kabisa inayojulikana kusini mwa Sahara. Ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika yale yasiyobadilika. Kutoka tabaka la chini kabisa, vibanda ni vya miti na udongo, na vyungu ni vile vile vya pembetatu. Vitu vya kigeni vinaingia kidogo kidogo na kuongezeka jinsi mji unavyokua. Hakuna tabaka ambapo chombo cha mgeni kinatangulia na cha mwenyeji kinafuata.

Juu ya hilo Horton na Chami walikuwa upande mmoja. Walipoachana ni juu ya chimbuko. Horton aliitazama Shanga ya awali akaona boma la wafugaji, akawafikiria Wakushi wa bonde la Tana. Chami aliipinga rai hiyo kwa nguvu zote. Katika maeneo ya Rufiji na nyuma ya Dar es Salaam alikuwa na mfululizo wa vigae vinavyoonyesha mdomo wa Kwale ukipungua unene hatua kwa hatua na pembetatu zikianza kujitokeza, kama mtoto anayekua mbele ya macho ya wazazi. Kwake hapakuwa na haja ya kuwatafuta wageni, wa Ghuba wala wa nyika ya kaskazini: wakulima wa Kwale ndio hao hao waliogeuka wafanyabiashara. Kwa suala la vyungu, hoja ya Chami ndiyo iliyosimama imara zaidi, ingawa bado hatuwezi kusema kwamba wafugaji hawakuwa na mchango wowote katika maisha ya Lamu ya kale.

Ramani ya pembetatu hizo inatisha kwa ukubwa. Zipo visiwa vya Lamu, zipo Unguja Ukuu, zipo Pemba, Kilwa na Komoro, zipo hadi Chibuene kusini mwa Msumbiji. Zipo pia Dakawa, karibu na mto Wami mkoani Morogoro, mbali na bahari, pamoja na dalili za uyeyushaji wa chuma. Katika mapango ya nyuma ya pwani ya Kenya kama Panga ya Saidi, ambako watu waliishi kwa makumi ya maelfu ya miaka, vigae vya aina hii vinaonekana katika matabaka ya juu, ishara kwamba hata wawindaji wa pangoni walikuwa na maagano na wakulima. Pwani na bara hazikuwa nchi mbili.

Ila Jeffrey Fleisher na Wynne-Jones walipokusanya vigae vya sehemu nyingi na kuvipanga upya mwaka 2011, picha ilitulia kidogo. Kufanana kunakosifiwa kuko hasa kwenye mitungi yenye shingo. Ukiiweka kando, mabakuli na vyungu vingine vinatofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Huenda basi mtungi wa pembetatu ulikuwa na kazi inayoonekana na wengi, kama kuwekea kinywaji cha wageni au kusafiria, ilhali chungu cha mezani na cha mafigani kilibaki na desturi za kijiji chake.

Palipo na maelezo matamu zaidi ya maisha ya kila siku ni Pemba kaskazini. Tumbe kilikuwa kijiji kikubwa cha nyumba za udongo kati ya karne ya 7 na ya 10, na Adria LaViolette na Fleisher walipokichimba walikuta maelfu ya vigae vyenye jambo lisilo la kawaida: mifereji. Kigae kimoja huweza kuwa na mifereji miwili, mitatu au zaidi, yenye upana wa ushanga, iliyochimbika kwa kusuguliwa tena na tena. Vilikuwa vinoleo. Mtu alivunja kombe la baharini vipande vidogo, akavitoboa, akavipitisha kwenye uzi, kisha akaviburura mferejini kwa maji na mchanga mpaka vikawa mviringo. Chungu kilichovunjika hakikutupwa, kiligeuzwa kiwanda. Na kwa wingi wa vinoleo hivyo, shanga za Tumbe hazikuwa za kuvaa kijijini tu.

Mbegu zilizoungua katika majiko ya Tumbe ni za uwele na mtama zaidi, na mpunga kidogo. Vyombo vya nje vilivyofika pale ni mitungi ile mikubwa ya Ghuba kuliko kitu kingine, mitungi ya kuletea vinywaji, vitu vya majimaji na pengine mali nyingine. Kisha Tumbe ikahamwa. Kuanzia karne ya 11 mji wa Chwaka ukasimama hapo jirani, ukiwa na msikiti, na vitu viwili vikabadilika kwa pamoja. Mpunga ukashika nafasi ya kwanza jikoni. Na katika vigae, mitungi ya ng'ambo ikaachia nafasi mabakuli, ya kigeni yenye nakshi za kuchanjwa chini ya rangi, na ya wenyeji pia.

Hapa kigae kinasema jambo ambalo hakuna msafiri aliyeliandika. Ugali wa uwele na mchuzi wake huweza kutoka chunguni ukaliwa bila chombo cha fahari. Wali hupakuliwa, ukawekwa katikati, watu wakauzunguka, na anayekaribisha huonekana kwa bakuli lake. Fleisher amejenga hoja kwamba karamu ndiyo iliyokuwa uwanja wa kupatia heshima katika miji hiyo, na vyombo vya ng'ambo vilikuwa silaha ya wenye nyumba kubwa katika mashindano hayo. Ndivyo tunavyoweza kuelewa kwa nini baadaye mabakuli ya China yalikuja kupachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama yale ya Kunduchi. Jina la mkarimu liliendelea kutajwa kwa chombo alichokuwa akikaribishia.

Wakati huo huo kigae kikapata kazi nyingine. Miji ya Kilwa na Shanga imetoa vipande vilivyosuguliwa mpaka vikawa duara, na tundu katikati. Ni vizito vya pia ya kusokotea pamba. Pwani ilikuwa imeanza kufuma nguo zake, na chombo cha kusokotea kilitoka kwenye jalala la jikoni.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara kati ya miaka 1250 na 1800 hivi, kazi iliyomshirikisha Chapurukha Kusimba pamoja na Wynne-Jones, Fleisher na wengine. Matokeo yalizisisimua pande zote mbili za ubishi wa zamani. Upande wa mababa wa watu wengi, kulikuwa na asili ya Uajemi, kwa hiyo simulizi za Washirazi hazikuwa hekaya tupu. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa wingi mkubwa. Na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Mwaka huo una maana ya pekee kwa anayevijua vigae. Mwaka 1000 pembetatu zilikuwa zimeshachorwa kwenye shingo za mitungi kwa miaka 300 au 400, Shanga ilikuwa imeshajenga upya msikiti wake mara kadhaa, na wafinyanzi wa Kwale walikuwa wamesahauliwa tangu zamani. Wageni walioa katika nyumba zilizokuwa na lugha yake, dini yake na vyungu vyake. Na vyungu havikugeuka kuwa vya Kiajemi baada ya harusi. Viliendelea kufinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa nyasi, vikibadilika kwa mwendo wao wenyewe kutoka eneo hadi eneo.

Safari ilikuwa na upande wake wa pili pia. Axelle Rougeulle, Mfaransa, alichimba bandari ya Sharma huko Hadramaut, Yemen, kituo cha maghala kilichostawi kuanzia takriban 980 hadi 1140. Kati ya vyombo vya Ghuba, India na China, alikuta vigae vya vyungu vya pwani ya Afrika Mashariki, na si viwili vitatu. Chungu cha kupikia ni kizito, huvunjika upesi na thamani yake sokoni ni ndogo. Hakuna nahodha ambaye angekijaza ngamani akitarajia faida. Kilifika kwa sababu wenyewe walifika, wakakaa bandarini muda wa kutosha kuhitaji jiko lao.